Nina milioni moja ya vifaa vya michezo chekechea, ninunue nini? Naombeni ushauri

MamaChekechea_Busia: Habari za jioni wanajamvi. Nina chekechea ndogo hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Watoto 34, madarasa ya bebi (wadogo), mido (wa kati) na topu (wakubwa). Mnajua UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada, wa mwaka 1997 ulianzia darasa la kwanza, sisi wa chekechea tunaishi kwa mifuko ya wazazi. Muhula huu tulikubaliana kila mzazi atoe 30,000 za michezo, na wote wametoa. Uwanja ni mdogo. Nichukue bembea na mtelezo wa chuma, au mipira na matairi, au vitu vya ndani kama tofali za mbao? Nataka kitu cha watoto wote. Hata usingizi sipati. Naombeni ushauri.

BodaTororo: Bembea, dada. Sisi tulicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mpira wenyewe wa majani ya migomba, mpaka jua linazama na hakuna aliyechangishwa hata mia. Ila wa siku hizi wasipoona bembea getini wanagoma kushuka kwenye boda!

AfandeMstaafu: Binti yangu, tatizo si bembea. Tatizo ni mtoto wa miaka mitatu kushikishwa penseli kutwa nzima, anapewa mtihani, halafu anapangiwa namba darasani. Mjukuu wangu alirudi nyumbani analia eti amekuwa wa mwisho. Wa mwisho kwa kitu gani, umri huo? Waacheni watoto wacheze.

Mwl_Kasese: Mama, milioni moja ya bembea haimnyimi mtu usingizi. Umesema "watoto wote". Kuna asiyeweza kucheza?

MamaChekechea_Busia: Yupo mmoja. Ana miaka mitano, yuko mido, ana mtindio wa ubongo. Akili yake iko vizuri, nyimbo zote anazijua, ila miguu haimbebi na mkono wa kushoto umekaza. Wakati wa michezo anakaa jikoni na mpishi. Ni kwa usalama wake, wenzake wanakimbia ovyo, wanaweza kumwangukia.

Mwl_Kasese: Na mama yake ametoa hiyo 30,000?

MamaChekechea_Busia: Ametoa. Anauza samaki sokoni na ndiye aliyetoa wa kwanza.

Basi niseme yote. Fundi nimeshamlipa nusu. Bembea mbili na mtelezo. Yule mama alimkuta anapima uwanja, akaniuliza, "Na wangu atapanda wapi?" Nikanyamaza. Tangu Jumatatu hajamleta mtoto. Lakini nieleweni jamani. Watoto 33 wanaweza kupanda. Wazazi wao ndio waliotaka bembea, na wasipoiona watawahamishia kwa jirani mwenye geti la rangi rangi. Siwezi kufunga chekechea kwa ajili ya mtoto mmoja.

MamaHaji_Arua: Subhanallah. Huyo mtoto ni amana, mwanangu. Pesa ya mjasiriamali wa samaki unaijengea watoto wa wengine? Mrudishie 30,000 zake na umwombe radhi.

Mwl_Kasese: Hapana, mama Haji, kwa heshima zote. Kumrudishia pesa ni kumfukuza kwa adabu. Mama yule hakudai pesa, amedai nafasi ya mwanawe.

Nesi_Mbale: Kwanza, kama kuna mzazi anaogopa, mwambieni mtindio wa ubongo hauambukizi. Ubongo uliumia mtoto akiwa tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au akiwa mchanga: alikosa hewa, alipata manjano kali, au malaria ilipanda kichwani. Hakuna laana hapo.

Mtoto wa dada yangu alizaliwa na kichwa kinachojaa maji, akafanyiwa upasuaji hospitali ya watoto ya CURE hapa Mbale. Aliporudi tukawa tunambeba kila mahali. Siku moja watoto wa jirani wakamweka kwenye beseni la kufulia, wakalifunga kamba, wakamburuta ua mzima. Dada alitoka mbio na mwiko mkononi awachape. Mtoto alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. Kuanzia hapo kila asubuhi anatambaa hadi mlangoni, anaita wenzake kwa majina.

MpendaUkweli: Samahani, mimi naona hii imetungwa. Mganda gani anaandika Kiswahili namna hii? Mama maskini ndiye wa kwanza kutoa pesa, fundi naye anapima mbele ya macho yake. Imepangika mno. Hawa ni watu wa miradi, wanavuna maneno ya kuweka kwenye ripoti.

BodaTororo: Hata mimi nimeanza kushtuka. Dada, taja jina la shule.

AfandeMstaafu: Kijana, kuhusu Kiswahili nyamaza. Katiba ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Na sisi wa kambini tulikuwa nacho zamani sana.

MamaChekechea_Busia: Baba yangu alikuwa askari, nimekulia kambini Jinja. Jina la shule sitaji kwa sababu ya mtoto. Busia ni ndogo, watamjua siku hiyohiyo. Ukitaka usiamini. Jikoni kwangu kuna gunia limetandikwa chini ya dirisha, hapo ndipo anapokaa. Mpishi anasema wenzake wakiimba mchezo nje, naye anauimba ndani, na sauti yake inawazidi.

Fundi_Malaba: Iwe kweli, iwe ya kutunga, najibu, maana watoto wa hivyo ninawajua. Huyo fundi amekata chuma cha mtelezo? Kama bado, mwambie asikate. Bembea moja ibaki ya kawaida. Ya pili iwekewe kiti chenye mgongo, mikono na mkanda wa kifuani. Nguzo ni zilezile.

Pesa ya mtelezo itengeneze meza ya mchanga na maji, watoto wazunguke pande zote na yeye awe katikati yao. Kizingiti cha darasa kitoe, mwaga saruji, mteremko uwe mrefu wa taratibu. Kama hana kiti, chukua katoni, bandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, kausha vizuri juani. Kinakuwa kigumu kama mbao, nimeshatengeneza. Ukitaka cha kupimwa na wataalamu, wapo Katalemwa Cheshire, kituo cha watoto wenye ulemavu, Mpererwe kule Kampala.

Mwl_Kasese: Na hao 33 wafundisheni. Kwepena inachezeka wote wakiwa wamekaa chini, mpira unaviringishwa. Halafu mama, ujue Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza shule kumbagua mwanafunzi kwa ulemavu wake. Jikoni si uwanja wa michezo.

MamaChekechea_Busia: Sikumbagua, mwalimu, nilimlinda. Na mtelezo wazazi walishaahidiwa, watanijia juu. Lakini fundi amekata nguzo za bembea tu. Ijumaa wakija kuchukua watoto nitasema nao, atakayehama ahame. Leo jioni nakwenda sokoni kwa mama yake. Fundi, hiyo meza iwe na kimo gani? Watoto wa mido wananifika kiunoni.

Fundi_Malaba: Usipime hao. Mpime yeye, akiwa amekaa kwenye kiti chake, kutoka chini hadi kwenye kiwiko, na uhakikishe magoti yanapita chini ya meza. Wenzake watapiga magoti. Ukifika sokoni muulize mama mtoto anapenda kuchezea nini, kabla hujamweleza habari za meza.

BodaTororo: Fundi, kiti kimoja kinakula katoni ngapi? Alhamisi napeleka mzigo Busia, ninazo nyingi dukani kwa kaka.