Sheria ni msumeno, mbona kwenye hakimiliki unakata upande mmoja?

Mleta mada

Wadau, jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, naomba tulijadili kwa hoja.

Tarehe 6 Januari 2011 kijana wa miaka 24, Aaron Swartz, aliingia kwenye chumba kidogo cha nyaya za mtandao katika jengo moja la chuo cha MIT, Marekani. Usoni alijikinga kwa kofia ya baiskeli, akawa anaangalia njia kupitia matundu ya kofia ile. Alikuwa amekuja kuchukua kompyuta mpakato aliyoificha mle chini ya boksi, ikiwa imechomekwa kwenye mtandao wa chuo, inapakua makala za kitaaluma kutoka JSTOR, hazina ya mtandaoni inayosomwa kwa usajili wa kulipia. Hakujua kwamba kamera ilishawekwa. Siku hiyohiyo akakamatwa.

Makala zilifika kama milioni 4.8. Hakuuza hata moja. Alizikabidhi kwa JSTOR, wakaelewana, na JSTOR wakasema kwa upande wao yamekwisha.

Serikali haikukubali yaishe. Julai 2011 ikatangaza mashtaka, na Septemba 2012 makosa yakaongezwa kutoka 4 hadi 13. Ukijumlisha adhabu za juu kabisa zilizoandikwa kwenye sheria kwa makosa hayo, unafika miaka 50 jela. Mwendesha mashtaka mkuu wa Massachusetts wakati huo, Carmen Ortiz, alisema wizi ni wizi, uwe umetumia amri ya kompyuta au mtaimbo. Kijana akaambiwa akiri makosa yote 13 ili apate kifungo cha miezi kama sita. Alikataa. Tarehe 11 Januari 2013, miezi michache kabla kesi haijaanza kusikilizwa, alijiua. Alikuwa na miaka 26.

Sasa njooni upande wa pili. Mwanzoni mwa 2025, katika kesi ya waandishi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, mawasiliano ya ndani ya kampuni yalianikwa mahakamani. Wahandisi wanaandikiana kuhusu kushusha vitabu kwa torenti (njia ya kugawana mafaili kati ya kompyuta za watu) kutoka LibGen, hazina ya kiharamia inayojulikana, ili kufundishia akili mnemba yao. Mmoja anaandika kwamba kushusha torenti kwa kompyuta ya kampuni anaona si sawa. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Yule mtu alijua, na kazi ikaendelea: nyaraka zilizofuata zinataja terabaiti zaidi ya 80. Hakuna aliyekamatwa. Juni 2025 jaji Vince Chhabria akaamua kwamba, kwa hoja zilizoletwa mbele yake, kufundishia mashine kwa vitabu vile ni matumizi yanayoruhusiwa bila idhini ya mwenye hakimiliki.

Anthropic, kampuni nyingine ya akili mnemba, ilishusha vitabu zaidi ya milioni 7 kutoka hazina za namna hiyohiyo. Jaji William Alsup alisema kufundishia ni halali, ila kujiwekea maktaba ya vitabu vya kiharamia si halali. Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu karibu nusu milioni. Ni fedha nyingi, sikatai. Lakini Septemba 2025, mwezi uleule, wawekezaji waliipa kampuni hiyo thamani ya dola bilioni 183. Pigeni hesabu: malipo hayafiki asilimia 1 ya thamani yake.

Mlinganishe na mama mmoja wa Minnesota aliyeshitakiwa kwa nyimbo 24 alizoshirikisha kupitia Kazaa, programu ya kugawana mafaili mtandaoni. Baraza la wazee wa mahakama lilimtoza dola 222,000 mwaka 2007. Kesi ikarudiwa 2009, zikawa dola milioni 1.92, yaani dola 80,000 kwa wimbo. Mahakama ya rufaa ikaja kuzirudisha kwenye 222,000 mwaka 2012. Hata kwa kiwango hicho cha chini ni dola 9,250 kwa wimbo mmoja. Wimbo wa mama huyu umetozwa mara tatu ya kitabu kizima cha kampuni.

Msimamo wangu: sitaki wahandisi wa Meta wafungwe. Nataka kipimo kiwe kimoja. Kama kupakua maandishi ya watu ni mtaimbo, basi ni mtaimbo mikononi mwa kila mtu.

Wakili

Ndugu mleta mada, uchungu wako naupokea, ila umechanganya majalada.

Kwanza, Swartz hakushitakiwa kwa hakimiliki. Mashtaka yalikuwa ya ulaghai kwa njia ya mawasiliano, ulaghai wa kompyuta, kujipatia taarifa bila idhini na kuharibu mfumo. Sheria iliyobeba mashtaka mengi kati ya hayo ni ile ya 1986 ya makosa ya kompyuta. Alibadilisha anwani za mashine yake kila alipofungiwa, akajificha kwenye chumba ambacho si chake. Meta na Anthropic hawakuvunja mlango wa mtu. Walichukua vitu ambavyo wengine walishaviiba na kuviweka hadharani. Kosa lipo, lakini ni kosa jingine.

Pili, yule mama aliambiwa mapema alipe dola elfu chache yaishe, akakataa. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia kuanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kosa likiwa la makusudi. Baraza lilikuwa ndani ya mipaka hiyo.

Tatu, bilioni 1.5 ni fidia kubwa kuliko zote zinazojulikana katika historia ya hakimiliki ya nchi ile. Huwezi kusema msumeno haukukata. Na kuhusu sheria ya kompyuta, Mahakama ya Juu iliipunguza makali Juni 2021. Sheria hujirekebisha, ila mwendo wake ni wa polepole.

Mkutubi

Mimi nafanya kazi maktaba, na naona mmeruka kesi inayoniuma kuliko zote.

Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, si kampuni ya faida. Ilikuwa inachukua kitabu cha karatasi ilicho nacho, inakipiga skani, inamwazima msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Akikirudisha, anayefuata anapewa, kama rafu ya kawaida tu. Machi 2020, maktaba zilipofungwa kwa sababu ya korona, wakaondoa foleni kwa wiki kadhaa. Nakubali hapo walijiponza. Juni mwaka huo wachapishaji wakubwa wanne wakawashitaki. Mahakama ya New York ikawaangusha Machi 2023, rufaa ikawaangusha tena Septemba 2024. Na hukumu haikuishia kwenye zile wiki za korona, iligusa uazimishaji wenyewe, hata ule wa nakala moja kwa msomaji mmoja. Vitabu zaidi ya 500,000 vikaondolewa.

Yaani kitabu nilichonunua, nikikipiga skani na kumwazima mwanadamu mmoja nakala hiyo aisome wiki mbili na kuirudisha, si matumizi yanayoruhusiwa. Kampuni ikikitia kwenye mashine ambayo itauza huduma kwa mamilioni ya watu, ni matumizi yanayoruhusiwa. Wakili, najua utaniambia kwamba mashine haitoi nakala ya kitabu, inatoa kitu kipya. Nimeisoma hiyo hoja na naielewa. Bado nashindwa kumweleza msomaji anayesimama mbele ya meza yangu, anayeona kitabu kimefungwa.

Mwandishi

Naomba nami nisikike, maana kila mtu anawasemea wasomaji na kampuni, anayeandika hasemewi.

Kitabu kinachukua miaka. Ninapokikuta kwenye hazina ya kiharamia sioni ukombozi wa elimu, naona kodi yangu ya nyumba. Aliyekipandisha mle alikuwa mtu binafsi, si kampuni. Kampuni ilikuja baadaye ikakuta mezani pameshaandaliwa. Kwa hiyo mleta mada, usimfanye kila anayepakua kuwa shujaa.

Lakini kuna tofauti naomba muitazame. Makala za majarida ya kitaaluma si sawa na vitabu vyetu. Mtafiti halipwi na jarida kwa makala yake. Wenzake wanaoipitia kabla ya kuchapishwa kwa kawaida hawalipwi. Utafiti wenyewe mara nyingi umegharimiwa na fedha za umma. Kisha makala inawekwa nyuma ya ukuta wa malipo. Swartz alichukua vitu ambavyo waandishi wake hawakuwa wanasubiri mrabaha. Kampuni zimechukua vitu ambavyo waandishi wake wanaishi kwa mrabaha. Na aliyetishiwa jela ni yule wa kwanza. Hapo ndipo naungana na wewe.

Mwanafunzi

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Naandika tasnifu. Makala ninazohitaji zinadai dola 30 na zaidi kila moja, chuo chetu hakina usajili wa majarida hayo. Karibu kila mwenzangu anatumia Sci-Hub, tovuti inayotoa makala za kulipia bure bila idhini, na nimesoma kwamba aliyeianzisha, Alexandra Elbakyan, alihukumiwa kulipa dola milioni 15 mwaka 2017. Je, sisi tunaosoma nasi tuko hatarini?

Mleta mada

Nimewasoma wote kwa makini, na baadhi ya maneno yangu nayarekebisha.

Mwandishi, umenikosoa kwa haki. Sikupaswa kuweka nyimbo, vitabu na makala kwenye kapu moja. Tofauti uliyoichora ndiyo niliyoikosa nilipokuwa naandika.

Wakili, kweli Swartz hakushitakiwa kwa hakimiliki. Lakini hebu tuifuate njia yako hadi mwisho. Marekani inayo jinai ya hakimiliki. Inataka mtu awe amefanya kwa makusudi, na ama kwa faida ya kibiashara, au amenakili kazi zenye thamani ya zaidi ya dola 1,000 ndani ya siku 180. Vitabu milioni 7 havifiki dola 1,000? Kujenga bidhaa ya kuuza si faida ya kibiashara? Najua utanijibu kwamba kinachogomba ni kusudi: kampuni ilikuwa na mawakili walioiambia kwamba huenda jambo hilo linaruhusiwa, na penye shaka hakuna jinai.

Hapo hasa ndipo ninapotaka tusimame. Shaka ile iligharamiwa. Kampuni ina fungu la kulipa watu wa kutengeneza hoja kabla, wakati na baada ya tendo, na hoja ikishakuwepo mwendesha mashtaka anaiona kesi kuwa ngumu na anaiacha. Kijana mwenye boksi naye alikuwa na hoja. Mtandao wa MIT ulikuwa wazi kwa wageni. Kwa nafasi yake ya utafiti Harvard alikuwa na haki ya kuisoma JSTOR. Mdai mkuu alishasamehe. Hizo zote zingeweza kuitwa shaka. Zikaitwa ujanja. Na andiko lake la 2008 la kutaka elimu iwe wazi kwa wote, badala ya kusomwa kama imani ya mtu, likageuzwa ushahidi wa nia mbaya. Mhandisi wa Meta aliyeandika kwamba anaona si sawa, naye aliacha ushahidi wa nia. Nani aliuchukua?

Kuhusu yule mama: ndiyo, aliambiwa alipe elfu chache. Lakini tazama kilichomfanya kila aliyepokea barua za namna ile atamani kulipa haraka. Ni ile 150,000 kwa kila kazi. Anthropic nayo ilihofia idadi hiyohiyo, ndiyo maana ililipa. Tofauti ni kwamba yenyewe ililipa na kesho yake ikafungua ofisi.

Mnaniuliza nataka nini. Fidia ya mtu binafsi asiyepata faida iwe na kikomo kinacholingana na hasara iliyotokea kweli. Fidia ya kampuni ipimwe kwa mapato iliyopata au itakayopata. Na mwenye mali akishamalizana na mshitakiwa, mwendesha mashtaka alazimike kueleza mbele ya jaji kwa nini anaendelea. Juni 2013 mbunge Zoe Lofgren na seneta Ron Wyden walipeleka kwenye bunge la Marekani muswada ulioitwa Sheria ya Aaron, wa kurekebisha ile sheria ya 1986. Ulikwama. Ukaletwa tena 2015, ukakwama tena. Wakili, unasema sheria hujirekebisha polepole. Kwa huyu kijana ilichelewa, na kwa muswada wake bado.

Mkutubi, sina la kuongeza kwenye maneno yako. Naomba yasipite hivihivi, anayekubaliana na hukumu ya 2024 ajitokeze atueleze.

Mdogo wangu mwanafunzi, kesi kubwa za Sci-Hub zimemlenga anayesambaza. Ila sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo sitakudanganya kwamba uko salama popote. Zipo njia zisizo na hofu. Tafuta jina kamili la makala pamoja na la mwandishi, mara nyingi kuna nakala aliyoiweka mwenyewe kwenye hazina ya chuo chake. Ukikosa, mwandikie barua pepe. Anwani yake kwa kawaida iko chini ya ikisiri, na ikisiri husomeka bure. Mwambie unachokifanyia utafiti na umwombe nakala. Watafiti wengi hufurahi kusomwa, kwani hawapati senti kwenye zile dola 30. Kama makala imegharimiwa na serikali ya Marekani, angalia pia tarehe: agizo la ikulu yao la Agosti 2022 lilizitaka idara za serikali zihakikishe tafiti wanazogharimia zinasomeka bure mara zinapochapishwa, na zikapewa hadi mwisho wa 2025 kutekeleza.

Andika majina ya makala tatu zinazokukwamisha zaidi. Mkutubi yuko hapa, nami nipo, tuzitafute pamoja.