Mjadala: Bastola inayoachwa ndani ya gari, sheria imlazimishe mwenyewe kuifungia?

Mleta mada (Nashville, Tennessee)

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa sababu imenigusa mwenyewe, na najua humu tuko wengi tunaoishi Marekani, tunaoendesha usiku, na ambao tayari tuna bastola au tunafikiria kununua. Swali ni moja: mtu akiiacha bastola ndani ya gari akaondoka, sheria imlazimishe kuifungia kwenye kisanduku cha chuma, na asipofanya hivyo aadhibiwe? Mimi nasema ndiyo.

Nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye ghala moja. Mlangoni pana bango: silaha marufuku. Basi nikawa naiacha chini ya siti, nafunga milango, naingia kazini. Asubuhi moja nikatoka nikakuta kioo cha upande wa abiria kimemwagika chini kama chumvi ya mawe. Redio ipo, koti lipo, bastola haipo. Polisi aliandika namba ya ile bastola, akaniuliza ilikuwa imewekwa wapi. Nikamwambia chini ya siti. Hakunilaumu, aliandika tu. Mpaka leo haijapatikana, na kila nikisikia mtu kapigwa risasi hapa mjini naiwaza ile namba.

Na sikuvunja sheria yoyote. Hapo ndipo panaponiuma. Tangu Julai 2013 jimbo hili linamruhusu mwenye kibali kuiweka bastola kwenye gari lililoegeshwa, hata kama mwenye eneo hataki. Mwaka uliofuata wasio na kibali nao wakaruhusiwa kuwa nayo ndani ya gari lao, na Julai 2021 wengi wakaruhusiwa kutembea nayo hadharani bila kibali. Kila mara ruhusa iliongezwa, na wajibu wa kuifungia kwenye kisanduku haukuongezwa. Nashville peke yake, mwaka 2022, bunduki zaidi ya 1,000 ziliibwa magarini. Everytown walipochambua takwimu za FBI za miji mingi nchini waliona zaidi ya nusu ya bunduki zilizoibwa mwaka huo zilitoka ndani ya magari. Hilo ni shirika linalopigania sheria kali za bunduki, nalisema wazi ili kila mtu apime mwenyewe.

Sisi wahamiaji tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili. Julai 2015, San Francisco, msichana anaitwa Kate Steinle alikufa kwa risasi akitembea na baba yake gatini. Aliyeshtakiwa alikuwa mhamiaji asiye na makaratasi, na nchi nzima ikageuza msiba ule kuwa hoja ya wahamiaji. Baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani kwa mauaji. Lakini ile bastola ilitoka wapi? Ilikuwa ya askari wa shirika la serikali linalosimamia ardhi, na iliibwa kwenye gari lake siku 4 tu kabla. Kila mtu anamkumbuka mhamiaji. Gari halikumbukwi na mtu.

California ilipitisha sheria mwaka 2016: bastola ikibaki kwenye gari lisilo na mtu, iwe kwenye buti lililofungwa au kwenye kasha lililofungwa lisiloonekana kwa nje. Colorado imefuata, kuanzia 1 Januari 2025: kasha gumu lililofungwa, lisionekane, na gari lenyewe lifungwe. Memphis, hapa hapa kwetu, wapiga kura walikubali mapendekezo ya kudhibiti silaha Novemba 2024, likiwemo hili la magari, na wakuu wa jimbo wakasema jiji halina mamlaka hayo.

Halafu kuna watoto. Ukiiweka bastola chini ya siti, ukashika breki ghafla, itateleza. Milwaukee, Aprili 2016, mtoto wa miaka 2 aliyekaa nyuma aliiokota bastola iliyoteleza kutoka chini ya siti ya dereva, akafyatua, risasi ikapita kwenye siti ikamuua mama yake akiwa anaendesha. Mwenye mtoto asinieleze kwamba chini ya siti ni mahali pa kuhifadhia.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji (dereva wa lori, Minnesota)

Mkuu, pole sana kwa kuibiwa. Ila mimi nakupinga, na nakupinga kwa moyo wote.

Mwizi kavunja kioo, kachukua mali, halafu faini alipe aliyevunjiwa? Tangu lini? Mimi nalala ndani ya lori, kwenye vituo ambako usiku watu wanagonga mlango bila kusema wanataka nini. Kila sheria ya namna hii huanza na gari lisilo na mtu, kesho inakuja kwenye gari lenye mtu. Bastola iliyofungiwa kwa namba za siri haitanisaidia saa nane za usiku.

Na umesahau kitu kikubwa kuliko wizi: kusimamishwa na polisi. Mimi naishi dakika chache kutoka Falcon Heights. 6 Julai 2016 Philando Castile alisimamishwa pale. Alikuwa na kibali halali. Akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Akapigwa risasi akiwa amefunga mkanda, mchumba wake pembeni, mtoto wa miaka 4 nyuma. Askari aliachiwa huru mwaka uliofuata. Kwa hiyo mkiongeza sheria mnamwongezea askari sababu ya kuuliza, kupekua, kunitoa nje ya gari. Mtu mweusi analipia kila sababu.

Nami navuka majimbo kila wiki. Kule Pennsylvania mama mmoja, Shaneen Allen, alikuwa na kibali cha jimbo lake. Mwaka 2013 akaingia New Jersey, akasimamishwa, akasema ukweli kwamba ana bastola, akawa anakabiliwa na kifungo cha lazima cha zaidi ya miaka 3. Aliponea kwa msamaha wa gavana mwaka 2015. Hakumwibia mtu wala hakumtishia mtu! Sheria zilizopo tayari ni mtego, nawe unataka nyingine.

Mchangiaji (mkalimani wa mahakamani, Ohio)

Shikamooni kaka zangu. Nitasema kwa ufupi kwa sababu haya nayaona kazini.

Kwanza, wengi humu wanadhani yeyote mwenye leseni ya udereva anaweza kuwa na bastola. Hapana. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Aliyekuja kwa viza ya masomo au matembezi haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa wachache kama wenye leseni ya uwindaji. Kijana wa chuo anayeendesha gari la binamu yake huku bastola ya binamu iko kwenye droo ya dashibodi yuko kwenye hatari asiyoijua.

Pili, kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumrudisha nyumbani kwa nguvu, hata kama ameishi hapa miaka 20. Kwa hiyo kaka wa Nashville, ukisema "aadhibiwe", sema aadhibiwe vipi. Colorado wamelifanya kosa la faini tu, si la jinai. Hapo naweza kukuunga mkono. Ukitaka jela, mimi simo.

Mleta mada

Dada, marahaba. Hilo sikuliwaza, na nabadilisha kauli: faini, isiwe jinai. Sitaki ndugu yangu apandishwe ndege kwa sababu alisahau kufunga kasha.

Kaka wa lori, kuhusu Castile sina la kukujibu. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa, na mimi pia ni baba mweusi mwenye mtoto nyuma. Ila hilo ndilo lililonifanya nibadilike barabarani. Makaratasi yangu sasa hayakai mahali pamoja na silaha. Leseni na bima ziko kwenye kifuko juu ya kikinga jua. Nikisimamishwa nawasha taa ya ndani, mikono juu ya usukani, na sipeleki mkono popote kabla ya kusema ninakoupeleka na kujibiwa. Castile alikuwa anatafuta leseni aliyoombwa. Najua kwamba hata hivyo hakuna uhakika.

Kuhusu majimbo, sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda anayepita tu: bastola isiwe na risasi, isifikike kutoka ulipokaa wewe wala abiria. Gari lisilo na buti, iwe kwenye kasha lililofungwa kwa ufunguo, na droo ya dashibodi haihesabiki. Kwa hiyo hata wewe, ukikaribia New Jersey, unahitaji kisanduku kile kile ninachokitetea.

Unapolala ndani ya lori, sikugusi. Nazungumzia saa unaposhuka kwenda kuoga, gari likabaki peke yake.

Nilinunua nyingine mwaka uliofuata, na kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye mguu wa siti. Si ngome, mwenye vifaa na muda atakikata, lakini wengi wanaovunja vioo hawana muda. Bastola inakaa kwenye ala yake muda wote, kifyatulio kimefunikwa. Naiingiza kwenye kisanduku nikiwa bado nyumbani, uani, si kwenye maegesho ya kazini ambako watu wanaona ninachofanya. Siitoi kuipangusa wala kuhamisha risasi nikiwa nimekaa kwenye siti. Nikifika nyumbani inaingia ndani nami, hailali garini. Na ile stika ya kampuni ya bunduki niliyokuwa nimebandika kioo cha nyuma kwa fahari nimeibandua. Kwa mwizi ilikuwa tangazo la kilichomo.

Kaka, nijibu hili moja: usiku huu lori lako likivunjwa wakati unaoga, itakuwa wapi?