Ploti imebanwa na maghorofa, nijenge ya chini ama nipandishe?

mtu_wa_utange
Asalaam aleikum wadau, naombeni ushauri maana mwezi ujao fundi anaingia kuchimba msingi. N'na ploti ya 40 kwa 60 huku Utange, Mombasa, wakati nanunua ilikuwa mikorosho na vijumba vya makuti tu, leo magharibi kuna flati ya ghorofa nne na kusini jirani ashamwaga slebu ya pili na vyuma bado vimetokeza juu, yaani safari bado. Mimi plani yangu ni nyumba ya chini, vyumba vitatu na uani pa mamangu kupikia na kuanika, magoti yake hayataki ngazi. Sasa kila anayekuja anacheka eti nitakaa shimoni, upepo sipati, na wapangaji wa juu watahesabu vipande vya samaki kwenye karai. Pesa ya ghorofa haijatimia. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

fundi_kisauni
Chini ujenge lakini usichimbe msingi wa nyumba ya chini tu halafu miaka mitano uniite niongeze juu, kazi hiyo huwa naikataa. Weka besi na nguzo za kubeba ghorofa sasa hivi, injinia achore, ruhusa ya kaunti uombe ya ghorofa hata kama kwa sasa utaishia chini. Itakuuma mfukoni ila kubomoa kunauma zaidi. Na vyuma utakavyoacha vimesimama usiviache uchi kama vya jirani yako, chumvi ya huku inavila mpaka vinamenyuka maganda, vipake uji wa simiti uvifunike na konkriti hafifu. Mchanga wa baharini usiuguse hata ukipewa bure.

mama_wawili
Mimi niko chini katikati ya maflati Mshomoroni mwaka wa saba huu. Kutazamwa utazoea, kinachoudhi ni vinavyoanguka. Maji ya nguo, maganda ya machungwa, siku moja pampasi imetumika ikatua pwaa juu ya kanzu ya Idi ya mwanangu nshaipiga pasi naipunga tu, nililia wallahi. Nikaezeka bati nusu ya uani ndo nikapumua. Ghorofani pia nimekaa, maji ya mfereji hayapandi, unanunua mitungi kwa mkokoteni na kupandisha unapandisha mwenyewe. Mama wa watu mwache chini.

kusi_na_kaskazi
Yakhe nyote mwajadili urefu, hakuna alomuuliza hao majirani wako upande gani. Joto letu kali ni Disemba mpaka Machi, na wakati huo upepo ni kaskazi, unaingia kaskazini mashariki. Wewe umezibwa magharibi na kusini. Hiyo flati ya magharibi mimi ningeishukuru, jua la alasiri ndilo linalopika kuta zetu na yenyewe itakukinga. Kusi, ule upepo wa kusini, utaikosa kiasi, sawa, lakini mwezi wa saba wangapi wanalala na feni? Na ukipandisha ukamalizia slebu wazi juu bila paa, vyumba vya juu ni tanuri, slebu inakunywa jua mchana kutwa inakutapikia saa nne usiku. Nenda Mji wa Kale uone nyumba zilivyobanana, wazee waliacha kiwanda, yaani uwazi usio na paa, katikati ya nyumba, hewa ya moto inapandia hapo na wa nje haoni kitu. Mamako apikie hapo.

fundi_kisauni
Kiwanda nakubali, lakini mvua ya Aprili na Mei yote inamwagikia ndani, ukisahau njia ya kutoa maji mtaogelea. Alafu huko mashariki kuna nini? Kama ni ploti tupu ina mwenyewe, siku akiinuka na yeye je?

mtu_wa_utange
Mashariki ni njia ya gari, ng'ambo yake ndo kuna ploti tupu, hapo fundi umenishika kidogo. Jana jioni nimeenda nikawasha udi katikati ya ploti nione moshi unaenda wapi. Umekuja moja kwa moja kutoka njiani ukapinda kwenye ukuta wa flati ukapanda. Basi ni chini, na kiwanda, na besi za ghorofa hizo nitamwambia injinia anipigie hesabu kwanza nione kama nitaweza. Mlinzi wa flati alikuwa ananiangalia muda wote, nadhani ashawaambia wapangaji kuwa jirani mpya ni mganga.