Ushauri wakuu: gemu ya ndege za vita, niweke Spitfire au ndege zilizoruka Rufiji 1915?

KijanaWaNgamiani:
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, Ngamiani. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza gemu ya kurusha ndege za vita kwenye kompyuta, mwaka mzima sasa, usiku baada ya kazi. Ndege moja inatuchukua karibu miezi mitatu: kuchora mwili, kupanga nguvu ya injini, kutafuta sauti, mpaka zile saa zilizo mbele ya rubani. Kwa uwezo wetu, toleo la kwanza litabeba ndege nne tu, na hapo ndipo tulipokwama.

Mwenzangu mmoja anataka ndege za Vita vya Pili vya Dunia: Spitfire, Messerschmitt Bf 109, Zero na Mustang. Hoja yake ina uzito, maana hizo kila mchezaji anazijua. Mimi moyo wangu uko kwenye ndege zilizoruka huku kwetu Vita vya Kwanza. Nimekulia mji ambao kila mtoto anasimuliwa vita vya Novemba 1914, Waingereza walivyoshusha askari wao wa Kihindi Raskazone wakarudishwa baharini, na nyuki walivyowavamia. Lakini siku zile angani Tanga hapakuwa na ndege hata moja. Zilikuja kusini, Rufiji, kwa ajili ya manowari moja ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye mikoko.

Shida ni kwamba Wajerumani hawakuwa na ndege za kivita huku. Sasa mchezaji atapigana na nani? Nishaurini.

Mtundu_Makorora:
Mkuu, nakwambia kama mchezaji wa siku nyingi. Mtu akiwasha gemu ya ndege anataka kufukuzana. Amuone adui mkiani, akate kona, ampoteze mawinguni. Spitfire ya 1940 ina bunduki nane kwenye mabawa na injini ya nguvu farasi zaidi ya 1,000. Ndege za 1915 nyingi hazifiki hata 150. Anza na zinazojulikana, mpate hela, hizo za Rufiji zifuate.

MwalimuPongwe:
Mwanangu, usiziache. Nafundisha historia, acha nikueleze siku moja tu.

Tarehe 6 Julai 1915 Waingereza walijaribu kuipiga Königsberg wakashindwa. Tarehe 11 wakarudi. Meli zao mbili, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, lakini wapiga mizinga hawakuiona shabaha yao kabisa, mikoko imeziba kila kitu. Macho yao yalikuwa juu, kwenye ndege aina ya Henri Farman iliyotoka kisiwa cha Mafia. Rubani Cull anarusha, mwenzake Arnold anatazama kila kombora linapoangukia, kisha anagonga alama za Morse kwenye simu ya upepo: limezidi, limepungua, sogeza kushoto. Wajerumani wakajua bila ile ndege meli zile ni vipofu, wakaielekezea mizinga. Ikapigwa, injini ikafa. Wakati inashuka kimya kimya, Arnold hakuacha kugonga masahihisho yake. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikabinuka, mashua ikawatoa wazima. Königsberg haikuondoka tena pale.

Unauliza mchezaji atapigana na nani? Mpe kazi ya Arnold. Awe anasoma maji na moshi kwa macho yake, huku anapigwa na hana pa kujificha.

FundiNdege_Tanga:
Naunga mkono, ila mkiziweka zifanyeni zilivyokuwa. Adui mkubwa wa ndege zile pwani hii lilikuwa joto. Zilibuniwa kwa hewa ya Ulaya. Hewa ya nyuzi 32 ni nyepesi kwa takriban asilimia 6 kuliko ya nyuzi 15, hivyo bawa linapoteza nguvu ya kuinua ndege na injini inapoteza nguvu kwa pamoja. Zile ndege za kuelea majini walizoleta mwanzo wa 1915, za Sopwith, zilihangaika hata kunyanyuka na watu wawili. Mbao zilipinda, gundi iliachia. Wekeni kipimajoto kwenye gemu, na anayechelewa kuruka asubuhi ajute.

Jambo la pili, Caudron G.III, ndege nyingine ya wakati ule. Injini yake inazunguka yenyewe yote pamoja na panga lake, kwa hiyo ndege haikati kona kushoto kama inavyokata kulia. Nayo inalainishwa kwa mafuta ya nyonyo, yanayorushwa nje muda wote. Chora miwani ya rubani inavyoingia ukungu wa mafuta taratibu. Kitu kidogo, lakini mtu atakihisi mwilini.

Binti_Ujiji:
Na Ziwa Tanganyika mmelisahau? Juni 1916 Wabelgiji walirusha ndege za kuelea, Short 827, kutoka upande wa Kongo wakaipiga mabomu meli ya Graf von Götzen bandarini Kigoma. Meli yenyewe ndiyo Liemba! Babu zetu wameisafiria. Gemu gani nyingine duniani itampa Mtanzania meli anayoijua kwa jina?

Kamanda_Mstaafu:
Mimi ningependa MiG-21 za Vita vya Kagera, 1978 na 1979.

KijanaWaNgamiani:
Shikamoo Kamanda. Kagera siigusi kwa sasa. Baba yangu mdogo alikuwepo, na wapo wengi wanaoumia mpaka leo. Nitaifanya siku nitakapokaa na waliopigana wanisimulie wenyewe.

Mwalimu, nimewasomea wenzangu maelezo yako kwa sauti. Yule wa Spitfire alinyamaza, kisha akauliza Morse inafundishwaje. Tumekubaliana hivi: Henri Farman, Caudron, Short 827 ya Kigoma, na BE2c, ndege za kikosi cha 26 cha Waingereza zilizokuja mwaka 1916. BE2c inatulia sana angani, itamfaa anayejifunza. Fundi, nitakutafuta pembeni kuhusu joto.

Mtundu, sijapuuza neno lako. Mizinga ya chini tutaifanya iwe ya kutisha kweli, na ukikubali nataka wewe uwe wa kwanza kujaribu.

Nimebakiza ombi moja. Meli zile ziliingia mtoni kwa kufuata maji kujaa, na mimi Rufiji sijafika. Nahitaji picha za mikoko, maji yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa.

Mtundu_Makorora:
Nitajaribu. Lakini nikichoka kuangalia maji nitakwambia wazi.

Mvuvi_Kilindoni:
Niko Mafia. Wiki ijayo ni bamvua, tunavuka kwenda upande wa delta. Nitapiga picha alfajiri tope likiwa wazi, na mchana yakijaa mpaka mizizi haionekani. Niambie tu unataka nisimame upande gani wa jua.