India na Pakistan angani: tuhesabu ndege, au tuhesabu zinazoruka?

Fundi wa Ndosho (Goma)
Wapenzi wa ndege, tuufungue huu mjadala kwa utaratibu. Tangu Mei 2025 Goma na Bukavu ubishi hauishi: India au Pakistan, nani bwana wa anga? Kwetu Kivu si habari ya mbali sana. Goma tumewazoea wanajeshi wa Kihindi wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Congo, na Bukavu ilikuwa ya Wapakistani hadi MONUSCO ilipofunga kazi Kivu Kusini mwaka 2024. Kila mji una timu yake.

Kwa ufupi tu: tarehe 22 Aprili watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir. India ikailaumu Pakistan. Usiku wa kuamkia 7 Mei ikapiga sehemu 9 upande wa Pakistan, ndege zikafyatuliana makombora, na tarehe 10 Mei mapigano yakasimama. Pakistan ilisema imeangusha ndege 5, baadaye 6. India ikakaa kimya hadi 31 Mei, Jenerali Anil Chauhan, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya India, alipokiri huko Singapore kwamba walipoteza ndege, ila hiyo 6 akaikataa.

Mimi nasema India iko mbele, na mbali. Bajeti yake ya ulinzi ya 2024 ilikuwa karibu dola bilioni 86, kwa bilioni 10 za Pakistan. Ndege za kivita: Su-30MKI za Kirusi karibu 260, Rafale za Kifaransa 36, na juu yake S-400, mitambo ya Kirusi ya kulinda anga. Anayepinga alete hesabu, ushabiki auache nyumbani.

Mwana wa Kadutu (Bukavu)
Hesabu ninayo, kaka. Anza kwa kutoa ndege zisizoruka. Mwaka 2015 mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya India, hukohuko kwao, aliandika kwamba Su-30MKI zilizokuwa tayari kwa kazi zilikuwa asilimia 55 hadi 60, wakati lengo lilikuwa 75. Hata leo tukichukua 60, hizo 260 zako ni 156. Sasa zigawe: nyingine zinalinda upande wa China, nyingine zinafundishia marubani. Pakistan inaweza kuelekeza karibu kila kitu mashariki.

Halafu vikosi. India imejiwekea lengo la vikosi 42 vya ndege za kivita. Ilipostaafisha MiG-21 Septemba 2025, ndege iliyoingia jeshini mwaka 1963, vikabaki 29. Za kuziba pengo, Tejas Mk1A 83 zinazoundwa India kwenyewe, ziliagizwa Februari 2021, zikakwama kwa sababu injini za F404 kutoka Marekani zilichelewa. Ndege bila injini ni banda la kuku la bei ghali.

Binti Nguba (Bukavu)
Nyote wawili mnahesabu ndege. Usiku ule haukuamuliwa na ndege moja kukutana na nyingine. Tazameni kazi ilivyogawanywa.

Nyuma kabisa, ndani ya Pakistan, kuna Saab 2000 yenye rada ya Erieye, ule ubao mrefu mgongoni unaofanana na mtumbwi uliofungwa juu ya gari. Hiyo ndiyo inayoona. Mbele kuna J-10C ya Kichina, iliyoanza kazi Pakistan mwaka 2022. Inaweza kuzima rada yake na kupokea picha yote kutoka nyuma kwa mawasiliano ya data. Ndege ya Kichina na rada ya Kiswidi hazikuzaliwa zikizungumza lugha moja. Pakistan ilitengeneza mfumo wake, Link-17, ndio unaozikutanisha. Hapo ndipo pesa kidogo ilipofanya kazi kubwa.

Rubani anafyatua PL-15, kombora la Kichina la kuangusha ndege. Toleo la kuuzwa nje lilitangazwa na Wachina kuwa linafika kilomita 145. Njiani kombora linaelekezwa kwa data, na rada yake ndogo ya puani inawashwa mwishoni tu. Rubani wa Rafale ana kifaa cha kumwonya akimulikwa na rada. Lakini ndege iliyofyatua haijammulika, kwa hiyo kengele inalia wakati kombora lenyewe limeshafungua jicho. Chukua mfano: zimebaki kilomita 15, kombora linakwenda karibu kilomita 1 kwa sekunde. Ana sekunde 15 za kutambua, kugeuza ndege na kushuka chini. Tani kadhaa za mabomu bado zinaning'inia mabawani.

Kuna jambo la pili, baya zaidi. Mwezi Agosti Reuters iliandika, ikiwanukuu maafisa wa India na Pakistan, kwamba marubani wa India waliamini wako nje ya uwezo wa kombora hilo, kwa kushika hesabu ya kilomita 150 hivi. Afisa wa Pakistan alidai lilifyatuliwa kutoka kama kilomita 200. Ukikosea namba moja kwenye karatasi ya maandalizi, Rafale yako ni shabaha kama shabaha nyingine.

Fundi wa Ndosho
Dada, maelezo mazuri, lakini umeruka fizikia. Kilomita 145 ni kwa shabaha inayokuja mbele yako, nyote mkiwa juu sana, penye hewa nyepesi. Injini ya kombora inawaka muda mfupi; kinachobaki ni mwendo uliokusanywa, kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, inayoteremka bila kusukumwa. Shabaha ikigeuza mgongo mapema na kushuka kwenye hewa nzito, kombora lazima likunje kona, na kila kona inakula mwendo. Umbali wa kweli unaweza kushuka hadi nusu, hata chini ya hapo. Huenda ndiyo maana PL-15 moja iliokotwa Hoshiarpur, Punjab ya India, ikiwa karibu nzima. Haikugonga kitu.

Na usiku ule India ilipigana mkono mmoja umefungwa. Mwambata wake wa kijeshi huko Indonesia alisema wazi mwezi Juni: serikali ilikataza kupiga kambi za jeshi na mitambo ya kulinda anga ya Pakistan, ndipo ndege zikapotea. Baada ya hapo mpango ukageuzwa. Tarehe 8 India ikasema imezima mtambo wa ulinzi wa anga Lahore. Kisha yakaja makombora ya masafa marefu, BrahMos yakiwemo, na tarehe 10 Nur Khan ikapigwa, kambi iliyoko Rawalpindi, mji wa makao makuu ya jeshi lenyewe. Lahore iko kama kilomita 25 tu kutoka mpakani. Pakistan haina pa kurudi nyuma.

Muzee wa Himbi (Goma)
Wanangu, kupiga uwanja si kuufunga. Goma tunalijua hili bila kusoma kitabu cha vita: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika karibu theluthi moja ya barabara ya ndege yetu, na ndege ziliendelea kutua kwenye kipande kilichobaki. Ndege za kivita nazo hazihitaji barabara nzima. Majeshi ya NATO huhesabu kipande kisafi cha mita 1,500 hivi kwa upana wa mita 15.

Shimo la bomu linazibwa hivi: kwanza unahakikisha hakuna bomu ambalo halijalipuka. Unakata kingo zilizoinuka, maana lami huvimba kuzunguka shimo na ndiyo inayovunja magurudumu. Unajaza mawe makubwa chini, kokoto juu, unashindilia kwa tabaka, unafunika kwa zege linalokauka haraka au mkeka maalumu. Kikosi kilichozoea kinamaliza kwa saa chache. Kinachosahaulika ni kufagia. Mdomo wa injini ya F-16 uko chini ya tumbo, karibu na ardhi, unavuta hewa kama pampu. Jiwe la ukubwa wa kidole gumba linaharibu mapanga ya injini, na ndege inabaki chini bila adui kufyatua risasi nyingine.

Kwa hiyo usiniambie kambi ngapi zilipigwa. Niambie ndege ziliruka tena saa ngapi.

Mwana wa Kadutu
Asante, muzee. Naongeza upande wa vipuri, na hapa nitaisema Pakistan pia. Mwaka 1990 Marekani ilikata msaada kwa sababu ya nyuklia, na F-16 28 ambazo Pakistan ilikuwa imeshaanza kuzilipia hazikufika. Zile za kwanza, zilizoanza kufika 1983, zikabaki na njaa ya vipuri. Ndiyo maana wakaingia na Wachina kutengeneza ndege ya JF-17 pale Kamra, Pakistan. Lakini injini yake, RD-93, ni ya Kirusi, na Urusi ni rafiki wa India. Ukimkimbia mfadhili mmoja, unamkuta mwingine mlangoni.

India nayo ina mzigo wa kinyume. Rafale, Mirage 2000, Jaguar, Su-30, MiG-29, Tejas: kila moja ina stoo yake, vifaa vyake, mafundi wake. Anayetengeneza pikipiki pale Birere anaelewa. Aina moja ukiwa na sanduku la piesi unafanya kazi mwaka mzima. Aina sita, sanduku lile halikusaidii siku mbili.

Fundi wa Ndosho
Hilo la vipuri nalikubali, nusu. Lakini mnanikwepa kwenye matokeo. Mwezi Agosti mkuu wa jeshi la anga la India, A.P. Singh, alisema waliangusha ndege 5 za kivita na moja kubwa, hiyo kubwa kutoka kama kilomita 300. S-400 iliagizwa 2018 kwa dola bilioni 5.4 kwa kazi hiyohiyo.

Binti Nguba
Na Pakistan imekanusha. Kaka, tuweke kipimo kimoja kwa wote wawili: mabaki yenye namba, injini inayotambulika, au mtu wa tatu asiye na timu. Kwa upande wa India, Jenerali Bellanger, mkuu wa jeshi la anga la Ufaransa, nchi inayouza Rafale, alisema ameona dalili za ndege 3 kupotea: Rafale moja, Sukhoi moja, Mirage 2000 moja. Hizo 3 naziandika. Sita za Pakistan siziandiki. Za Singh nazo siziandiki mpaka picha itoke, ingawa najua kitu kilichopigwa kutoka kilomita 300 kikaangukia ndani ya nchi ya mwenzako, picha yake anayo mwenzako.

Muzee wa Himbi
Basi ongeza safu ya tatu kwenye jedwali lako, binti yangu. Tarehe 27 Februari 2019, Budgam, helikopta ya Mi-17 ya India, watu 6 ndani na raia 1 chini, wote walikufa. Iliangushwa na kombora la India lenyewe. Kifaa cha kuitambulisha kwa rafiki kilikuwa kimezimwa. Hiyo utaiandika upande wa nani?

Binti Nguba
Upande wa kifaa kilichozimwa, muzee. Naanza nayo.