Batani ya "Weka Chumba" haionekani kwenye iPhone, kwenye Tecno yangu iko sawa tu

fundi_wete

Asalaam aleikum wajameni. Mie niko Wete, Pemba, nnatengeneza websaiti ndogo ndogo, sasa nnayo kazi ya gesti moja ya Jambiani, vyumba sita tu, mwenyewe anataka ukurasa mmoja, picha ya bahari, bei za vyumba na batani ya kuweka chumba basi. Kwenye laptopu imetoka nzuri mno, kwenye Tecno yangu nzuri pia (batani imekatwa kidogo kwa chini lakini inasomeka si kitu), nikamtumia bi mkubwa mwenye gesti linki, usiku ananipigia ananambia mwanangu mbona batani hakuna. Hakuna vipi tena.

Juzi nilikuwa na harusi Unguja nikapita kwake nione kwa macho yangu. Simu yake iPhone 6, na kweli batani hakuna, na vyumba vimegandana kama tende za pakti, jina la chumba cha kwanza limepigana dafrau na bei ya cha pili. Nikasema labda ni Safari, brauza ya Apple wenyewe, mwanawe anayo iPhone mpya mpya yenye Chrome, nikafungua humo. Vyumba vimeachana vizuri lakini batani bado hakuna! Chrome ile ile niliyonayo mie!

Nilivyoandika kwenye CSS, yale maandishi ya sura ya ukurasa, ni hivi: sanduku kuu nimelifunga kwenye skrini kwa `position: fixed; top: 0; height: 100vh`, batani ndani yake `position: absolute; bottom: 30px`, vyumba nimevipanga mstari mmoja kwa `display: flex; gap: 16px` (gap ni nafasi baina yao) vinateleza ubavuni. Jee niandike CSS mbalimbali, ya iPhone mbali na ya Android mbali? Mana mgeni wake mmoja wa Italia nae kalalamika haoni pa kubonyeza na bi mkubwa ananiangalia kama nimemuuzia mbuzi kwenye gunia.

MjiMkongwe_dev

Waaleikum salaam. Kwanza hiyo si Chrome ile ile. Chrome ya iPhone kwa ndani ni Safari, imevaa kanzu ya mwenzake tu. Apple hawaruhusu brauza nyengine kuja na injini zao, yaani ile programu ya ndani inayochora ukurasa, zote zinatumia WebKit ya Apple, iwe Chrome, Firefox au Opera (nchi za Umoja wa Ulaya zimefunguliwa tangu iOS 17.4 mwaka 2024 lakini huku kwetu bado). Ya kwenye Tecno yako ni Blink, injini ya Google. Kwa hivyo umepima Safari mara mbili, moja kuukuu na moja mpya.

Ya vyumba kugandana ni umri wa simu. iPhone 6 imekwama iOS 12 haipandi tena, na `gap` ndani ya flex Safari imeijua kuanzia 14.1, mwaka 2021. Kuukuu haijui inaruka mstari kimya kimya, haikwambii kitu. Weka `@supports (gap: 16px)`, sharti la kuiuliza brauza kama inaijua, wenye kujua wapate gap, wasiojua wapate margin (nafasi ya pembeni ya kila chumba), umemaliza.

bint_karafuu

@MjiMkongwe_dev hapo kwenye @supports hapana yakhe, utamtia mwenzio shimoni, mie nshatumbukia humo siku nzima. Safari 12 ukiiuliza unaijua gap? inakujibu naam naijua, na haisemi uongo, inaijua kwenye grid, ule mpango wa safu na mistari! Kwenye flex ndo haijui na @supports haina namna ya kuuliza gap ya wapi. Kwa hivyo masharti yatapita, margin haitowekwa, na vyumba vitagandana vile vile.

Fundi fanya moja katika mbili. Ama vyumba vipe `margin-right: 16px` kila kimoja na cha mwisho uivue, ama toka kwenye flex uende `display: grid; grid-auto-flow: column; gap: 16px`, hiyo iPhone 6 inaielewa. Mie ningechukua margin, ni ya kizee lakini hakuna brauza isiyoijua.

Sasa batani. Umeandika maneno ukayapita mwenyewe: "imekatwa kidogo kwa chini si kitu". Ndo ugonjwa wenyewe huo! Hiyo batani imeharibika hata kwenye Tecno yako, ila imeharibika kidogo ukaisamehe. `100vh` kwenye simu maana yake si kile unachokiona, ni urefu wa skrini pale ule mstari wa anuani ukishajificha. Ukurasa unapofunguka mstari upo, kwa hivyo sanduku lako ni refu kuliko dirisha na cha chini kinatoka nje. Chrome ya Android inaiba kiasi cha mstari mmoja tu, nusu ya batani ikabaki. Safari ina mstari wa anuani na ule wa vishale chini, inaiba zaidi, batani yote ikaenda. Na kwa kuwa umelifunga kwa fixed, ukurasa hauskroli, na mstari haujifichi mpaka uskroli, kwa hivyo mgeni atangoja mpaka Idi.

Dawa: futa `height: 100vh`, weka `top: 0; bottom: 0`. Fixed inajipima kwa dirisha linaloonekana, na simu kuukuu inaifahamu. Siku nyengine ukitaka urefu wa skrini kwenye kitu kisichokuwa fixed ipo `100svh`, urefu wa skrini mstari wa anuani ukiwa upo, Safari tangu 15.4, Chrome tangu 108, zote 2022. Andika `100vh` juu na `100svh` chini yake, asiyeijua ya pili atabaki na ya kwanza. Na kwenye laptopu hutoiona hata siku moja, ile simu ya bandia ya kwenye Chrome haina mstari wa anuani.

kijana_wa_mchangani

mbona mnajitesa, andika juu "tumia Chrome" kwisha kazi, mie ndo nnavyofanya

bint_karafuu

@kijana_wa_mchangani mgeni kashuka na iPhone yake kutoka Milano anataka chumba, wewe unamwambia akabadilishe simu? Na hata akiweka Chrome huku kwetu tushasema ni Safari ile ile. Atakwenda gesti ya jirani.

mzee_wa_IE6

Mmenikumbusha mbali. Sie tulikuwa na faili la CSS la kila brauza, na IE, brauza ya zamani ya Microsoft, ina maandishi yake ya siri kwenye HTML ya kusema "ukiwa IE 6 soma hili, IE 7 soma lile", ukigusa moja unavunja jengine. Microsoft wenyewe waliyaondoa kwenye IE 10, na IE yenyewe wakaizika Juni 2022. Kwa hivyo swali lako la CSS mbalimbali, usirejee huko kijana. Siku hizi injini ni tatu tu zenye watu, Blink, WebKit na Gecko ya Firefox, na Edge, brauza mpya ya Microsoft, nayo tangu 2020 imo kwenye Blink. Mie hata sitafuti ukurasa ufanane kila mahali. Nikikuta pembe za sanduku huku zimeviringana kule hazikuviringana nnalala usingizi wangu. Batani isipoonekana ndo siwezi kulala.

Halafu wewe unapima Safari kwa kupanda boti, nauli itakumaliza. Ukiwa na Linux weka brauza ya GNOME, inatumia WebKit, utayaona mengi humo. Hiyo ya mstari wa anuani hutoiona, lazima simu yenyewe.

fundi_wete

Wallahi bint_karafuu umenipata. Nimeweka top na bottom, hapa hapa kwenye Tecno batani imepanda yote juu, kumbe nlikuwa nnaitazama wiki mbili imekatwa. Vyumba nimetia margin. Bi mkubwa kanitumia picha, kila kitu kipo, na kaniandikia "Mashallah" peke yake.

Bado mawili kwenye simu ya mwanawe. Maandishi ya batani kule yamekuwa ya buluu, kwangu meusi. Na akigusa pa kuandika jina ukurasa unavimba wenyewe mpaka aurudishe kwa vidole.

MjiMkongwe_dev

Ya gap nimekubali, nilikuwa sijui 😅 nimefungua kazi zangu mbili za zamani zote zina @supports ile ile.

Buluu: hujaandika rangi ya batani, na usipoandika kila brauza inatia yake, iPhone kuanzia iOS 15 inatia buluu. Andika `color: #111`, na `font: inherit` pia, herufi zifuate za ukurasa. Kuvimba: maandishi ya pale pa kuandika yako chini ya 16px, Safari inaona mtu hasomi inamsogezea. Yafanye 16px itatulia. Usije ukafunga zoom kwa `maximum-scale=1`, wazee wanaihitaji ile.

fundi_wete

Ilikuwa 14px. Nimebadilisha, nimemtumia mwanawe, nnangoja jibu, umeme wao umekatika.

bint_karafuu

Akikwambia iko sawa tupe linki, nna iPhone 7 hapa ya mamangu nnaifungua.