Je, sura iliyo kwenye solido ya Justinian ni sura yake kweli?

Mgeni wa Dhahabu (Birmingham) ameuliza:

Salaam, wanajukwaa. Ninaishi Birmingham, Uingereza, ambako Taasisi ya Barber, iliyo chini ya chuo kikuu cha hapa, ina mojawapo ya makusanyo makubwa ya sarafu za Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, duniani, na kwa kuzitazama huko nimeingiwa na hamu ya kuwa na yangu. Fedha niliyoweka inatosha kununua sarafu moja tu. Muuzaji amenionyesha mbili, zote solido, yaani ile sarafu kamili ya dhahabu iliyoanzishwa na Kaisari Constantine mwanzoni mwa karne ya 4.

Ya kwanza ni ya Justinian wa Kwanza (527–565), yenye uzito wa gramu 4.31. Kaisari anatazama mbele, amevaa kofia ya vita, na ameshika tufe lenye msalaba juu yake. Ya pili ni ya Phocas (602–610), yenye gramu 4.44, na bei yake ni nafuu kidogo. Muuzaji anaisifu zaidi ile ya Justinian, akisema kwamba hiyo ndiyo sura halisi ya mtu aliyelijenga kanisa la Hagia Sophia. Ukingoni, juu ya kichwa chake, pana mahali padogo palipolainika kuliko sehemu nyingine, na nilipouliza niliambiwa kwamba ni uchakavu wa kawaida.

Naomba kujua mambo mawili. Je, sura hizi ni za watu wenyewe? Na je, kwa anayeanza, ni ipi kati ya hizi mbili inayofaa?

Msomaji wa Kale (Dar es Salaam) amejibu:

Ndugu Mgeni, karibu. Kwa swali la kwanza, jibu langu kuhusu Justinian ni hapana, na kuhusu Phocas ni ndiyo kwa kiasi kikubwa. Tofauti hiyo ndiyo inayonivutia mimi katika sarafu hizi kuliko dhahabu yake.

Chukua picha ya solido ya Anastasius (491–518), uiweke kando ya solido ya Justin wa Kwanza (518–527), kisha uongeze solido ya Justinian ya miaka yake ya mwanzo. Utaona mtu yule yule: uso umegeuka kidogo, mkuki umelazwa begani, ngao ina picha ya mpanda farasi. Ukiyafunika maandishi kwa kidole, hutaweza kumtenga Justin na mpwa wake Justinian, wala kuwatenga wote wawili na yule aliyewatangulia. Mnamo mwaka 538 hivi, Justinian alianza kuonyeshwa akitazama mbele moja kwa moja, kama kwenye sarafu uliyoonyeshwa, na mtindo huo ukaendelea mpaka alipofariki mwaka 565 akiwa amepita miaka 80. Katika muda wote huo uso wake kwenye dhahabu haukupata hata kunyanzi moja. Anayetaka kumwona Justinian kama mtu mwenye umri wake na mashavu yake ni afadhali aitazame picha ya vigae iliyomo katika kanisa la San Vitale, Ravenna, Italia, iliyokamilika karibu na mwaka 547.

Wachongaji hawakuwa wazembe. Jijini Constantinople, Istanbul ya leo, dhahabu ilipigwa chapa katika karakana kumi, na chapa za chuma zilichakaa na kubadilishwa kila mara, kwa hiyo kilichotakiwa kilikuwa sura moja ambayo kila askari aliyelipwa na kila mtoza kodi angeikubali bila kusita. Sarafu ilionyesha ukaisari, na aliyekuwa akiushikilia wakati huo alitambulishwa kwa maandishi. Ndiyo maana napenda kumshauri anayeanza ajifunze kusoma ukingo kabla ya kuitazama sura. Herufi D N zinasimama badala ya Dominus Noster, yaani Bwana Wetu, kisha linafuata jina, halafu cheo. Upande wa pili utakuta VICTORIA AVGGG, yaani Ushindi wa Makaisari, na baada yake herufi moja ya Kigiriki inayotaja karakana. Chini kabisa pameandikwa CONOB: CON ni Constantinople, na OB ni dhahabu iliyosafishwa, ingawa kwa hesabu ya Kigiriki herufi hizo mbili ni 72 pia, na solido 72 ndizo zilizotolewa katika ratili moja ya Kirumi. Hapo ndipo unapotoka uzito wa gramu 4.5 hivi. Lakini CONOB isikushawishi kwamba sarafu imetoka Constantinople, kwa maana viwanda vya Ravenna na Carthage navyo viliiandika.

Phocas ndiye aliyeuvunja mtindo. Alikuwa ofisa wa ngazi ya chini jeshini, akainuliwa na askari walioasi mwaka 602, akamuua Kaisari Maurice pamoja na wanawe. Kwenye dhahabu yake hakuna kofia ya vita. Kuna taji lenye msalaba, nywele zisizotulia, na ndevu zilizochongoka kidevuni, na jina limeandikwa FOCAS, kwa F. Mtu aliyezishika sarafu chache za wakati huo humtambua kabla ya kusoma herufi yoyote. Kwa nini mtu aliyenyakua kiti ndiye aliyetaka uso wake ujulikane? Mimi naona swali limejijibu.

Baada yake ndevu zikawa karibu kalenda. Heraclius (610–641) alimtia mwanawe, Heraclius Constantine, kwenye solido kuanzia mwaka 613, mtoto akiwa hata hajatimiza miaka miwili, na ukizipanga sarafu hizo kwa mfuatano utaona kichwa kidogo cha kulia kikikua, huku baba akimalizia na ndevu pana zinazofika kifuani. Constans wa Pili (641–668) alitawazwa akiwa na miaka 11 hivi. Solido zake za kwanza zinaonyesha kijana asiye na kitu kidevuni, zinafuata zenye ndevu fupi, kisha zenye ndevu ndefu mno. Sarafu zake zinapatikana kwa wingi, na mtu mwenye subira anaweza kuzikusanya tatu au nne akawa na maisha ya mtu mmoja mkononi. Hilo kwa Justinian haliwezekani, hata ukinunua mia.

Sonara wa Mombasa amejibu:

Nimeisoma hoja ya Msomaji wa Kale na sina la kuongeza kwenye historia. Mimi ni sonara, na nitasema juu ya hapo mahali palipolainika.

Alama iliyo juu kabisa ya kichwa, mahali ambapo mtu angeweka kitanzi ili kidani kining'inie sawasawa, haiwi uchakavu wa kawaida mpaka ithibitike. Solido zilifanywa mapambo tangu zilipokuwa bado zinatumika sokoni, na mtindo huo haukukoma. Kitanzi kikishang'olewa, fundi hupiga tupa na kung'arisha ili kovu lisionekane. Mwombe muuzaji kioo cha kukuza, uinamishe sarafu chini ya taa ili mwanga upite ubavuni, na utazame ukingo wenyewe badala ya uso. Ukiona mistari myembamba ya tupa inayokwenda upande mmoja, au rangi ya dhahabu iliyofifia kidogo mahali palipowekwa lehemu, umeshapata jibu. Gramu 4.31 kwa sarafu ambayo haionekani kuchakaa sana nako kunanipa shaka hiyo hiyo. Si kosa kuinunua, lakini inunuliwe kwa bei ya sarafu iliyotolewa kitanzi.

Kuhusu usafi, kuna kipimo rahisi kisichoacha alama. Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha uining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Kwa solido ya gramu 4.31 ya dhahabu iliyo karibu na safi, mizani itasoma takribani 0.23. Ikisoma 0.28, hiyo ni dhahabu ya karati 18 au karibu na hapo, na Justinian hakutoa sarafu ya namna hiyo Constantinople. Kwa tremisi, ambayo ni theluthi ya solido, mizani hiyo haitoshi, maana tofauti ni ndogo mno.

Naonya tu kwamba kipimo cha maji kinathibitisha madini, wala hakithibitishi umri. Waghushi hodari hutumia dhahabu safi, kwa sababu faida yao iko katika bei ya mkusanyaji. Hao hunaswa kwa macho: vishimo vidogo vya kumiminia, mstari wa kalibu ukingoni, au sarafu mbili zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale.

Binti Mtambwe (Pemba) amejibu:

Kaka Mgeni, wenzangu wamekueleza sura na uzito, nami nauliza swali ambalo hukulitaja: sarafu hizi zimetoka wapi? Kwetu Pemba, mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu palipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Thamani kubwa ya hazina ile ni kwamba ilijulikana ilikuwa imelala wapi na pamoja na nini. Zingetawanywa kwa madalali mmoja mmoja, leo tusingejua kwamba wafanyabiashara wa kisiwa hiki walikuwa na dhahabu ya Misri mkononi. Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaopinga biashara haramu ya mali za urithi, ndio mpaka ambao wakusanyaji makini huutazama: omba hati inayoonyesha kwamba sarafu ilikuwa ndani ya mkusanyo au mnadani kabla ya mwaka huo, au angalau ilitoka nchi yake kihalali. Maneno ya mdomo ya muuzaji si hati.

Nalo la sura, naomba niongeze mfano mmoja ambao Msomaji wa Kale ameuacha. Justinian wa Pili alifanya jambo lisilowahi kufanywa mnamo mwaka 692 hivi: aliweka sura ya Kristo upande wa mbele wa solido, na yeye mwenyewe akahamia nyuma, amesimama akiwa ameshika msalaba, na maandishi yanamwita mtumishi wa Kristo. Miaka hiyo hiyo, kule Damascus, Khalifa Abdul Malik bin Marwan alikuwa akitafuta njia yake. Mwanzoni waliigiza solido ya Heraclius yenye watu watatu waliosimama, ila msalaba wa nyuma ukaondolewa mikono yake ukabaki mti juu ya ngazi. Kisha ikaja dinari yenye khalifa mwenyewe amesimama na upanga. Mwaka 77 Hijria, yaani 696–697, sura zikafutwa kabisa, yakabaki maandishi matupu, na uzito ukawekwa kwenye gramu 4.25. Dola mbili zilizokuwa zikigombania dhahabu moja zilimwondoa mtawala upande wa mbele kwa wakati mmoja, kila moja kwa sababu zake. Ningekuwa na fedha ya sarafu mbili tu maishani, ningetafuta hizo.

Mgeni wa Dhahabu amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimerudi dukani nikiwa na kioo. Mistari ya tupa ipo, tena inaonekana vizuri, na ile ya Justinian haina hati yoyote. Ile ya Phocas ina kadi ya mnada ya mwaka 1964 yenye picha, na mikwaruzo iliyo kwenye picha ndiyo iliyo kwenye sarafu. Nyuma yake maandishi ni VICTORIA AVGU, na baada yake pana E. Nilitarajia AVGGG kama Msomaji wa Kale alivyoeleza. Je, hilo ni tatizo?

Msomaji wa Kale amejibu:

Si tatizo hata kidogo, Ndugu Mgeni. AVGGG ni desturi ya karne ya 6. Kwenye solido za Phocas za miaka ya mwanzo huandikwa AVGG, na zile zenye AVGU huhesabiwa kuwa za 607 hadi 610, yaani miaka yake ya mwisho kabla Heraclius hajawasili kwa meli kutoka Afrika na kumwua. E ni karakana ya tano. Nunua hiyo, na kadi ya mnada usiitenganishe na sarafu, hata ukija kuiuza.